Je, Wajua? Juha Aliyevuka Tawala

Juha Kalulu, katuni ya Mkenya Edward Gitau, ilizaliwa miaka ya 1950, Kenya ingali koloni, ikaja kudumu kwa miongo kadhaa katika gazeti la Taifa Leo. Wapo watakaosema ni mazoea tu ya wasomaji. Lakini mazoea hayaelezi kwa nini hata waliozaliwa baada ya uhuru wa 1963 waliicheka. Sababu, naona, ni kwamba Gitau hakumfunga Juha kwenye habari za siku. Kibonzo cha siasa huchacha waziri akishafutwa kazi. Lakini mjinga anayejiona mjanja, kama Juha, yupo Magadi, yupo Mombasa (na maofisini pia, tena wengi), awe nani Ikulu.