Nani Alimwita Tippu Tip?

Keti hapa kivulini, mpwa wangu. Swali ulilouliza jana nimelala nalo.

"Mjomba, yule tajiri wa zamani wa Kasongo, ni mama yake aliyemwita Tippu Tip?"

Hapana. Kwao Unguja aliitwa Hamed. Hamed bin Muhammed el Murjebi. Tippu Tip ni jina alilopewa njiani. Na jina la njiani halitolewi na mama. Hutolewa na watu wanaokuona unapita.

Nani aliliona jambo hilo? Tuuulize mwembe huu. Wazee wake waliletwa huku na waungwana wa pwani. Walikula embe, wakatupa kokwa.

"Sina miguu," unasema mwembe, "lakini nina masikio mengi kama majani. Miaka ya 1870 Hamed aliifanya Kasongo kuwa mji wake. Palikuwa na mpunga, palikuwa na miwa. Pembe za ndovu zilirundikwa uani. Na palikuwa na watu waliofungwa minyororo shingoni, wasio na kosa lolote. Usiwasahau hao, mtoto."

Basi tusiwasahau. Sasa tusogee jikoni. Tia mahindi makavu kwenye chungu, funika, weka motoni. Ngoja kidogo. Unasikia? Tip! Tip-tip! Tip!

"Bisi, mjomba!"

Ndiyo, bisi. Lakini fikiri umejificha kichakani na mdogo wako mgongoni, na mlio huo unatoka njiani. Hizo ni bunduki za Hamed. Waliojificha hawakujua mama yake alimwita nani. Walijua mlio. Wakaufanya mlio huo kuwa jina lake.

Wengine husema jina lilitokana na macho yake, yaliyokuwa yakipepesapepesa. Lakini mwenyewe, alipozeeka kule Unguja, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na alisema ni bunduki. Alifariki mwaka 1905. Mimi nashika la bunduki. Nani angekimbilia msituni kwa sababu ya macho?

"Alikuwa na jina hilo tu?"

Ah, hongera kwa kuuliza! Alikuwa na mengine. Walimwita Kingugwa, wakimfananisha na chui, kwa sababu chui hupiga huku na huku bila kuchagua. Tena walimwita Mkangwanzara. Litamke polepole. Mkangwa-nzara. Mwishoni unasikia nini?

"Nzara... kama nzala ya Kilingala?"

Mtoto mwenye masikio wewe! Nzala, nzara, njaa: ni ndugu watatu wa nyumba moja. Maana ya jina ni kwamba mtu huyu haogopi vita, anaogopa njaa tu. Na ni kweli msafara wake ulikuwa mrefu kuliko foleni ya siku ya soko. Watu wote hao wakikosa chakula, bunduki haipikwi.

Sasa shika njia ya Kabambare. Huko kulijulikana mwenzake, Muhammad bin Khalfan. Jina lake la njiani lilikuwa Rumaliza. Ndani yake kuna nini?

"Kumaliza!"

Kumaliza. Hebu mfikirie mama aliyeotesha mihogo yake, ndizi zake, akalea kuku wake, kisha anaambiwa kwamba anayekuja ni Rumaliza. Je, ahitaji kuelezwa zaidi? Mwaka 1894 askari wa Wabelgiji waliitwaa Kabambare, na Rumaliza akaondoka. Jina likabaki.

"Mjomba, majina yote ni ya kutisha?"

La, mpwa wangu. Julius Nyerere wa Tanzania aliitwa Mwalimu, kwa sababu kabla ya siasa alifundisha shule kweli. Jomo Kenyatta wa Kenya aliitwa Mzee. Na sisi wa Kongo tulikuwa na Muzee wetu, Laurent-Désiré Kabila. Miaka mingi alikaa na wapiganaji wake katika milima ya Fizi, jirani na Kabambare, kabla ya kuwa rais mwaka 1997. Mzee ni jina la kwenye kiti cha uani. Unaposema Mzee umekwisha kumpa mtu kiti.

Wako pia waliojipa majina wenyewe. Mwaka 1972 Mobutu, rais wetu wakati ule, alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Jina refu kama njia ya Kabambare wakati wa mvua! Nani angelimaliza akiwa na haraka? Watu walisema Mobutu, basi.

"Na lipi limeishi kuliko yote?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Morton Stanley alikutana na Tippu Tip huku kwetu. Miaka michache baadaye alikuwa mbali, upande wa magharibi, akikata barabara kando ya maporomoko ya mto Kongo. Mawe yalivunjwa kwa nyundo. Watu wa huko wakamwita kwa Kikongo Bula Matari, mvunja mawe. Jina likamtoka mtu, likaishika serikali yote ya kikoloni: askari, karani, mtoza kodi.

Stanley alikufa mwaka 1904. Lakini kesho nenda sokoni na mama, mtu wa kodi akipita na kitabu chake cha risiti. Sikiliza wazee walioketi kando watamwita nani. Ukisikia Mbulamatari, rudi mbio uniambie.