Pima Ngazi Kabla ya Kukata Mbao

Mashamba ya settlement yaliyoanza kugawanywa mwaka 1962 mengi yamekatwa tena kwa ajili ya watoto, na wakulima wengine sasa wanajenga chumba cha juu ili nyumba isile ardhi ya viazi. Ni jambo jema. Lakini ngazi huachwa mpaka mwisho, halafu fundi akaipenyeza pahali palipobaki.

Katika nyumba moja niliyoizuru, mama wa nyumba alikuwa akishuka na debe la mahindi kichwani. Vidato vyote vilikuwa sawa ila kile cha chini kabisa, kilichopungua inchi 3. Mguu wake ulikutana na sakafu mapema, akaanguka. Fundi hakukosea kugawa hesabu yake. Alipima kutoka kwenye udongo, na simiti ikamwagwa baadaye.

Basi, kimo cha ngazi hupimwa kutoka sakafu ya chini iliyokwisha kutengenezwa mpaka sakafu ya juu iliyokwisha. Kama chini bado ni udongo, toa unene wa simiti itakayomwagwa. Tuseme kutoka udongo mpaka juu ni inchi 115, na simiti ni inchi 3. Zabaki inchi 112. Gawa kwa inchi 7, kimo kinachowafaa wazee na watoto, utapata vidato 16. Katika nyumba yako hesabu ikibakiza inchi moja au mbili, usizitupie kidato cha mwisho. Zigawe kwa vidato vyote, hata kama kila kimoja kitazidi 7 kidogo.

Pahali pa kukanyaga pawe inchi 10. Hapa wengi hununua ubao wa bure: sakafu ya juu yenyewe ndiyo kidato cha 16, kwa hiyo mbao za kukanyaga ni 15 tu. Mara 10 ni inchi 150, yaani futi 12 na nusu za sakafu. Nafasi hiyo ikikosekana, ngazi igeuzwe kona katikati, isisimamishwe wima kama ya kupandia paa.

Mbao mbili za ubavuni zataka futi 16 kila moja. Upana uwe futi 3, mwenye gunia apite, na juu ya kila kidato pawe wazi futi 6 na inchi 8.

Kabla ya kununua chochote, chora vidato vyote ukutani kwa mkaa na pima maji, ukianzia kwenye alama ya simiti, siyo kwenye udongo.