Stelingi aliyebaki nyuma: karatasi, mkono na ahadi katika picha ya District 9

KATIKA vibanda vya video vya Buyenzi, hapa Bujumbura, kuna kanuni moja ambayo hata mtoto anayechungulia dirishani anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa minyororo, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha atasimama na adui atalala chini.

Ndiyo maana nilishtuka siku shangazi yangu aliponilalamikia kwamba ameonyeshwa picha isiyo na mwisho. Shangazi ni mfanyabiashara wa dagaa. Huvuka mpaka wa Manyovu na Mugina karibu kila wiki, na jioni akiwa mjini hupumzisha miguu kwa kuangalia picha za mapigano pamoja na wajukuu.

"Stelingi amegeuka mdudu, rafiki yake ameondoka na hajarudi. Sasa hiyo ni picha gani, mwanangu?" aliniuliza.

Picha yenyewe ni District 9, iliyotoka mwaka 2009. Niliitafuta, nikakaa naye tukaiangalia upya, safari hii nikiisimamisha kila hadithi inapopinda. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako wewe msomaji uliyewahi kuishi nyuma ya uzio au kusimama kwenye foleni ya mpakani na mzigo kichwani.

Iliongozwa na Neill Blomkamp, kijana aliyezaliwa Johannesburg na kuhamia Canada akiwa na miaka 18. Iligharimu dola milioni 30 hivi, kiasi kidogo kwa picha za aina hiyo, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya picha bora ya mwaka, ingawa haikupata hata moja.

Kwa maoni yangu, nguvu yake haimo katika bunduki za ajabu wala chombo cha angani. Imo katika mpangilio wa hadithi, na mpangilio huo umesimama juu ya vitu vitatu: karatasi, mkono na ahadi.

KARATASI

Mwaka 1982, chombo kikubwa kutoka anga za mbali kinasimama juu ya jiji la Johannesburg. Hakishuki wala hakiondoki. Baada ya miezi mitatu watu wanakata ukuta wake na kuingia, wanakuta viumbe wengi waliodhoofu kwa njaa.

Wanateremshwa na kuwekwa kambini chini ya chombo chao. Kwanza inakuja huruma, halafu msaada, halafu uzio, halafu jina la kejeli. Wenyeji wanawaita kamba, kama wale wadudu wa baharini wenye magamba. Aliyewahi kuishi kambini hahitaji kuelezwa jinsi ngazi hiyo inavyoshuka.

Sehemu ya kwanza yote imepigwa kama taarifa ya habari. Wataalamu wanahojiwa, maofisa wanahojiwa, wananchi wa mitaani wanahojiwa. Kila mmoja ana neno juu ya wageni, na hakuna mgeni hata mmoja anayewekewa kinasa sauti mdomoni.

Mbinu hiyo Blomkamp aliitoa katika picha yake fupi ya mwaka 2005, Alive in Joburg. Aliwauliza wakazi wa kawaida wa jiji juu ya wahamiaji Waafrika kutoka nchi nyingine, kisha akayatumia majibu yao kana kwamba walizungumzia viumbe wa angani. Maneno yalikaa sawasawa, bila kubadilishwa.

Hapo ndipo anapoingia Wikus van de Merwe, aliyeigizwa na Sharlto Copley. Ni karani wa kampuni kubwa yenye askari wake na silaha zake. Baba mkwe wake amempa cheo cha kusimamia kuwahamisha viumbe hao kwenda kambi mpya iliyo mbali na jiji. Anapita kibanda hadi kibanda akiwa na fomu, akiomba sahihi.

Mmoja anaipiga ile karatasi kwa hasira. Wikus anaitazama kamera na kueleza kwamba alama iliyobaki inatosha kuwa sahihi. Wengine wanahongwa kopo la chakula cha paka, ambacho viumbe hao wanakipenda kupita kiasi.

Watazamaji wengi hucheka hapo. Shangazi hakucheka, na mimi sikucheka. Nikiwa na miaka 14, katika kambi moja mkoani Kigoma, niliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyenisomea.

MKONO

Kama robo ya picha imepita, Wikus anapekua kibanda, anakuta kopo la kimiminika cheusi na kinamrukia usoni. Jioni kucha zinaanza kung'oka. Hospitalini daktari anafungua bandeji na kukuta mkono wa kushoto umekuwa kucha za kiumbe.

Katika picha nyingi za mapigano, hapa ndipo stelingi anapopata nguvu mpya. District 9 inaipindua kanuni hiyo. Silaha za wageni hazifyatuki isipokuwa kwa mkono wa mgeni, na sasa kampuni imepata mkono unaofyatua. Karani wa jana amegeuka mali. Wakubwa wake wanaamua kumpasua na kugawana viungo vyake, na baba mkwe anaridhia.

Wikus anatoroka. Vyombo vya habari vinamchafulia jina, simu yake inafuatiliwa, na mahali pekee pa kujificha ni kambini, ndani ya vile vibanda alivyokuwa akivigongea milango asubuhi. Mpangilio huo ni wa hesabu kali: kila alichowatendea wageni katika sehemu ya kwanza kinamrudia katika sehemu ya pili. Alikuwa akinunua sahihi zao kwa chakula cha paka, sasa anakila yeye.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona mara ya pili tu. Kamera ya taarifa ya habari inaanza kutuacha, tunaingia mahali ambapo hakuna mwandishi wa habari. Tunamwona Christopher Johnson, kiumbe mwenye mtoto mdogo, aliyekusanya kile kimiminika tone kwa tone kwa miaka 20 ili aweze kurusha chombo na kurudi kwao. Ndipo tunapogundua kwamba waliohojiwa mwanzoni hawakujua lolote.

Cha kushangaza ni kwamba Wikus anazungumza Kiingereza, Christopher anajibu kwa lugha yake ya kugotagota, na wanaelewana bila mkalimani. Pale Mugina, Mrundi na Muha hupatana bei kila mmoja kwa lugha yake. Tatizo la kambi hiyo halikuwa lugha.

AHADI

Wikus na Christopher wanavamia maabara ya kampuni kukirudisha kimiminika. Humo Christopher anaona maiti za ndugu zake zilizofanyiwa majaribio. Anasimama kimya, risasi zikilia pembeni. Akitoka pale ameshabadili mpango. Alikuwa amemwahidi Wikus kumponya mara moja. Sasa anasema ataenda kwanza kutafuta msaada kwa ajili ya watu wake wote, na uponyaji utasubiri miaka mitatu.

Hiki ndicho kiungo cha hadithi nzima. Wikus anakataa, anampiga Christopher, anajaribu kurusha chombo peke yake na kuangushwa. Miaka mitatu ni mingi mno kwa mtu anayeoza mwili.

Kinachofuata ni mapigano ambayo wapenzi wa picha wataridhika nayo. Wikus anaingia ndani ya mtambo wa kivita wa wageni na kuwashinda waliomteka. Mara anamsikia Christopher akikaribia kuuawa, naye anakimbia. Anapiga hatua kadhaa, halafu anageuka. Anarudi kuuzuia moto wa askari ili Christopher na mtoto wafike kwenye chombo.

Shangazi alinishika mkono hapo. "Kumbe anabaki," alisema.

Naam, anabaki. Nadhani ndiyo sababu picha ilimchanganya. Safari ni ya Christopher: yeye ndiye mwenye mtoto, mwenye kwao, mwenye mzigo wa kuokoa. Wikus tuliyemfuata muda wote anamaliza akiwa mlinzi wa mlango wa safari ya mwenzake.

DOSARI

Picha hii haikosi doa, na si doa dogo. Kambini kuna genge la Wanigeria wanaowauzia viumbe chakula cha paka kwa bei ya kuwanyonya, wakiwanunulia silaha zao, na kuamini kwamba wakila nyama yao watapata nguvu. Kiongozi wao anaitwa Obesandjo, jina linalokaribia mno la Rais wa zamani Olusegun Obasanjo. Septemba 2009 serikali ya Nigeria ilitaka picha isionyeshwe katika majumba ya sinema nchini humo.

Nakubaliana na malalamiko hayo. Picha inayotufundisha kutomhukumu mgeni kwa jina la kundi lake imefanya jambo lile lile kwa wageni wengine. Shangazi alilisema kwa kifupi zaidi: "Mfanyabiashara wa kigeni hapo ni jambazi tu. Hakuna anayeuza dagaa?"

Doa hilo linauma zaidi ukijua picha ilipigwa lini na wapi. Ilipigwa Chiawelo, Soweto, mwaka 2008, katika vibanda halisi. Mwezi Mei mwaka huo vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, Johannesburg, na zaidi ya watu 60 waliuawa. Hata jina la picha linakumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa eneo la wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa.

MWISHO UPO

Mwishoni yanarudi mahojiano kama mwanzoni. Wataalamu wanabishana: Wikus amekufa? Wageni watarudi kwa vita au kwa amani? Mwanzoni wasemaji hao walikuwa na habari, sisi tulikuwa gizani. Sasa sisi tumeona, wao wanabahatisha. Mke wa Wikus anakuta ua la chuma mlangoni, na picha ya mwisho ni kiumbe ameketi jalalani akilitengeneza jingine. Ahadi ya miaka mitatu inaachwa hewani.

Nilimweleza shangazi kwamba huo ndio mwisho: mtu anayesubiri. Alinyamaza kidogo, kisha akamtaja baba yangu, ambaye ni kaka yake.

Baba alitangulia kurudi Makamba kuangalia kama shamba letu lipo. Alituambia atarudi kambini kutuchukua baada ya miezi mitatu. Shamba alilikuta na watu wengine, na miezi mitatu ikawa miaka miwili. Kambini wengi walikuwa na maelezo: ameoa, amekufa, ametusahau. Shangazi hakujibu mtu. Kila lori lilipofika alitoka kutazama, hadi siku moja akashuka baba, amekonda, na hati ya nusu ya shamba mfukoni.

"Huyo wa kwenye picha amekwisha kurudi?" shangazi aliuliza.

Nilimwambia kwamba mwaka 2021 Blomkamp alitangaza kuwa hadithi ya sehemu ya pili inaandikwa. Alifunga kitenge chake, akachukua mfuko wake wa dagaa.

"Basi ikifika uniite," alisema. "Hata nikiwa Manyovu."