Kasoro za Sabuni ya Vipande: Zipo za Mwonekano Tu, na Zipo za Hatari

Utengenezaji wa sabuni kwa njia ya baridi, yaani kuchanganya mafuta na maji ya kostiki soda bila kuchemsha, ni shughuli ya mtaji mdogo inayoweza kufanywa na vikundi vya wajasiriamali katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hata hivyo, mzalishaji asiyetambua aina za kasoro anaweza kutupa sabuni nzuri au kumuuzia mteja sabuni inayounguza ngozi.

Kasoro inayojitokeza mara nyingi ni unga mweupe juu ya vipande. Unga huo hutokea pale kostiki soda ambayo bado haijaungana na mafuta inapokutana na hewa, hasa mchanganyiko unapopoa haraka. Katika maeneo yenye baridi kama nyanda za juu za Tarime, inashauriwa kufunika sabuni kwa plastiki na blanketi kwa saa 24 za mwanzo. Unga ukishatokea hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, na sabuni hubaki salama.

Matundu madogo husababishwa na hewa iliyoingia wakati wa kukoroga. Kisanduku kigongwegongwe mezani mara baada ya kumimina. Nyufa za juu kwa kawaida hutokana na joto kuzidi, hivyo sabuni iliyoanza kupasuka ifunuliwe na kuhamishiwa mahali penye ubaridi.

Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha hujitokeza baada ya wiki au miezi. Chanzo chake ni mafuta ya zamani, mafuta yaliyozidi kipimo au maji yenye chembe za madini kama chuma. Maji safi ya mvua yanafaa zaidi, na vipande vihifadhiwe mahali pakavu penye hewa. Sabuni ya namna hiyo kwa kawaida haina madhara makubwa, lakini haifai kuuzwa.

Kasoro za hatari ni tofauti. Vipande vyenye vifuko vya majimaji, mabonge meupe magumu ndani, au sabuni inayomeguka kama chaki huashiria kostiki soda iliyozidi au isiyochanganyika. Kipande kidogo kiyeyushwe katika maji safi na kupimwa kwa karatasi ya kupimia asidi na besi. Sabuni iliyokomaa huonesha kati ya 9 na 10. Ikizidi 11, isiuzwe wala kutumika mwilini.

Kinga ya kasoro hizo ni kupima kila malighafi kwa mizani badala ya vikombe, na kuacha sabuni ikomae kwa wiki nne hadi sita. Kostiki soda ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki soda, na chombo cha aluminiamu kisitumike. Glavu na miwani vivaliwe, na watoto wasiwe karibu. Ikimwagikia ngozi, ioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka.

Wazalishaji wanaolenga masoko ya Mugumu, Tarime mjini na Sirari wanashauriwa kufika SIDO kwa mafunzo na utambulisho, kisha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa uthibitisho wa ubora. Aidha, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaweza kuwaona Maafisa Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.