Pikapu iliyopata ajali: tazama chasisi kabla ya bei

MKULIMA wa Ihanda, wilayani Karagwe, akishauza kahawa huanza kutafuta pikapu iliyotumika ya kubebea ndizi. Bei ikiwa chini mno, aulize kwanza kama gari liliwahi kupata ajali.

Marekani, kampuni ya bima ikiona gari halistahili gharama ya matengenezo, kwa kawaida huandikwa hivyo kwenye hati ya umiliki. Kadi yetu ya TRA huonyesha mmiliki, namba ya chasisi na ya injini; ajali haimo. Kwa gari lililonunuliwa mnadani Japani, omba karatasi ya mnada: daraja R au RA kwa kawaida maana yake liligongwa likatengenezwa.

Rangi mpya isikudanganye. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, aingie uvunguni atazame kama chasisi imepinda au imechomelewa. Tairi kulika upande mmoja ni dalili. Bodi hunyooshwa, lakini chasisi iliyopinda, ikiwa na shehena ya mikungu kwenye milima ya Karagwe, inaua. Hiyo mwachie mwenyewe.

Kama ni bodi tu, dai punguzo, na kabla hujalipa ulizia bima kubwa. Kampuni zikikataa utabaki na ile ndogo, ambayo hulipa uliyemgonga, si gari lako.