NAMNA GANI WANAHESABU DUBU WEUPE?

Sisi wenye kuita majina kila asubuhi tunajua: hata wanafunzi waliosimama kwa mustari, hesabu yao inaweza kupotea. Basi dubu weupe wa kaskazini kabisa, wenye kutembea peke yao juu ya barafu ya bahari, nani anawahesabu?

Wenye elimu hawahesabu wote. Mujaribu na maharagi. Mutoe 50 katika beseni, muyatie wino, muyarudishe, mukoroge vizuri. Kisha mutoe 60 bila kutazama. Mukikuta 10 yenye wino, ni kusema wino iko kwa moja juu ya sita. Basi zile 50 za kwanza ni moja juu ya sita ya yote: 300.

Kwa dubu ni vile vile. Wanamufuata na elikopta, wanamupiga sindano ya usingizi kwa bunduki, wanaandika namba ndani ya mudomo wake. Wanangoa hata jino moja dogo juu ya kujua miaka yake (sisi hatungekubali kazi hiyo!). Nyuma wanarudi kutafuta wenye namba.

Lakini haragi haina akili, dubu iko nayo. Kama aliyepigwa sindano anajificha akisikia elikopta, wenye namba wataonekana wachache, na hesabu itapanda kupita kweli.

Kule Kanada, mangaribi ya Hudson Bay, wanahesabu toka angani. Wakati wa joto barafu inaisha, dubu wanakuja inchi kavu, na mweupe juu ya udongo anaonekana mbali. Watazamaji wa mbele na wa nyuma hawaambiane kitu. Dubu walioonwa na pande zote mbili ndio maharagi yenye wino. Katika 2016 walipata 842, katika 2021 walipata 618. Lakini ile 618 wenyewe walisema inaweza kuwa kati ya 385 na 852. Tena wengine pengine walihama tu.

Si muchezo wa kalamu. Wainuit, wenye kula nyama ya dubu na kuvaa ngozi yake tangu zamani, wanapewa kila mwaka idadi ya dubu wanaoweza kuua, na idadi hiyo inafuata hesabu hizi. Ikikosea juu, dubu watapunguka. Ikikosea chini, watu wananyimwa chakula bure. Na wazee wao wengi wanasema wanaona dubu wengi kuliko zamani.

Kwa dunia yote, katika 2015 walikadiri 26.000: pengine 22.000, pengine 31.000. Upande wa Urusi, mahali pengi hawajahesabu vizuri bado.