Mtoto Asiyeitika Si Mkaidi: Apelekwe Kupimwa

Ndugu wasikilizaji, mlio kambini, vituoni na katika vizuizi vya mpakani, leo tunazungumzia jambo lisiloandikwa katika amri za siku, lakini limo katika nyumba za baadhi yenu.

Tumfikirie askari alindaye mpaka wa Busia, ambaye jamaa zake wanakaa Iyolwa, wilayani Tororo. Amerudi likizo, anamwita mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto haitiki. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, hamtazami babaye usoni, na maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Mzazi aliyezoea kutiiwa ni mwepesi wa kusema kuwa huyu ni mkaidi. Jirani atasema ni laana ya ukoo. Bibi atasema hata babaye alichelewa kusema. Kauli zote tatu zina hatari moja: humwacha mtoto bila kupimwa.

Huenda mtoto huyo ana usonji, hali iliyoelezwa na daktari Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hausababishwi na malezi ya mama, wala chanjo, wala uchawi. Lakini huenda pia ni mengine. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki. Na malaria ya ubongo huweza kumwachia mtoto dosari katika usemi na akili. Kuyatenganisha hayo ndiyo kazi ya upimaji.

Usonji hautambuliwi kwa kupima damu wala kwa picha. Kwanza hupimwa masikio. Kisha mtaalamu humwuliza mzazi habari za mimba, uzazi, homa kali na degedege. Mtoto alikaa lini, alitembea lini, alisema lini. Mwisho humtazama mtoto akicheza. Mzazi asisubiri iwapo mtoto wa miezi 12 haoneshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono, wa miezi 16 hana neno, wa miaka 2 haungi maneno mawili, au wa umri wowote amepoteza maneno aliyokuwa nayo.

Kutoka Iyolwa, mzazi aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya Hospitali ya Tororo, kisha Mbale, na ikibidi Mulago au Butabika, Kampala. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilianza mwaka 1984 kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ili ijulikane namna ya kuwafundisha. Hilo ndilo lengo hata kwetu.

Hatufichi ukweli: safari ni ndefu, wataalamu ni wachache, na hakuna dawa ya kuondoa usonji. Faida ni kwamba mtoto mdogo hufundishika. Asiyesema aweza kuzoezwa kuomba maji kwa ishara au kwa picha, na kilio kikapungua nyumbani. Mafunzo hayo yaweza kuanza hata kabla ya jibu la mwisho.

Kwa askari liko tatizo jingine, nalo ni uhamisho. Mzazi akihamishwa kutoka Rubongi kwenda Moroto, karatasi za mtoto zikabaki nyuma, uchunguzi huanza upya na miezi hupotea. Basi kila jibu la daktari liandikwe katika daftari moja, nalo lisafiri pamoja na mtoto. Vilevile mama asiachiwe peke yake mzigo wa kwenda hospitali. Baba aombe ruhusa, naye mkubwa wake aelewe sababu.

Askari mwema hamhukumu mtu kabla ya kupeleleza. Tunawaomba watoto wenu wapewe haki hiyo hiyo, tena mapema.